Maswali ya Wasomaji: Mick O'Connell, nahodha wa Kerry aliyevuka maji kwenda kucheza

Katika toleo lililopita, ukurasa wetu wa visiwa vya dunia ulitaja kwa mistari michache tu jina la Mick O'Connell wa kisiwa cha Valentia, katika kaunti ya Kerry, kusini-magharibi mwa Ayalandi, aliyekuwa akivuka bahari kwa mashua kwenda kucheza mpira wa Kigaeli na akawa mmoja wa wachezaji mashuhuri kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Barua zilizofuata kutoka Lamu, Shela, Matondoni, Faza na Malindi zimekuwa nyingi kuliko tulivyotazamia. Nimechagua sita, na zile zenye jambo zito nimezipa nafasi zaidi.

Assalaam alaykum, mhariri. Mimi ni kijana wa Matondoni, nacheza soka namba sita. Huo mpira wa Kigaeli sijapata kuuona. Unachezwaje, na O'Connell alikuwa akicheza nafasi gani?

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Kila upande una wachezaji 15, na mpira ni wa duara, mdogo kidogo kuliko ule wa soka. Mchezaji anaruhusiwa kuudaka, kuubeba, kuupiga teke, na kumpasia mwenzake kwa kuupiga kwa ngumi au kwa kiganja. Asichoruhusiwa ni kuurusha. Akiwa nao mikononi hawezi kwenda zaidi ya hatua nne bila kuudunda chini au kuuangushia mguuni na kujirudishia mikononi, wala haruhusiwi kuudunda chini mara mbili mfululizo. Goli lina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa wa panya na kuingia wavuni ni bao, nalo lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu ya mtambaa wa panya, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Tangu mwaka 2025 mpira unaopigwa juu kutoka nje ya tao la mita 40 huhesabiwa pointi mbili, lakini kanuni hiyo haikuwapo zama za O'Connell. Ukiona matokeo yameandikwa 3-7, fahamu kwamba timu imepata mabao matatu na pointi saba, yaani jumla ya pointi 16.

O'Connell alikuwa kiungo wa kati, na hapo ndipo mchezo wa siku zake ulipoamuliwa. Golikipa alikuwa akiupiga mpira mbali kwa nguvu zake zote, nao ulikuwa ukianguka katikati ya uwanja penye viungo wanne wanaosukumana; aliyeweza kuruka juu ya wenzake akaudaka kwa mikono miwili ndiye aliyeipa timu yake nafasi ya kushambulia. Kwa udakaji huo wa hewani O'Connell alisifiwa nchi nzima, pamoja na mateke marefu yaliyofika alipoyakusudia, kwa mguu wa kulia au wa kushoto. Wewe unayecheza namba sita utaelewa upesi: alikuwa anaupokonya mpira, na kisha anaugawa.

Mimi ni mzee wa Mkomani, nimekula jasho la bahari maisha yangu yote. Naomba kujua Valentia iko mbali kiasi gani na bara, na huyu bwana alikuwa akipata riziki yake kwa kazi gani, maana mpira peke yake haujazi chungu.

Mzee wangu, mlango wa bahari kati ya Valentia na bara ni mwembamba. Kutoka gati ya Reenard upande wa bara hadi kijiji cha Knightstown kisiwani ni mwendo wa dakika chache, mfupi kuliko wetu wa Mokowe hadi Lamu. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kama kilomita 11 na upana wa karibu kilomita 3. Uzito uko kwenye bahari yenyewe, kwa kuwa Valentia imeelekea Atlantiki, maji yake ni ya baridi, na pepo za majira ya kipupwe zikivuma kutoka magharibi hakuna mwamba wa matumbawe wa kuzipunguza nguvu kama ulivyo kwetu.

O'Connell alizaliwa mwaka 1937 akakulia katika mazingira hayo ya mashua na uvuvi. Riziki yake ya ujana ilitoka katika kituo cha simu za maandishi. Jambo hili linahitaji maelezo kidogo, kwani ndilo lililokitofautisha kisiwa kile na visiwa vingine vya wavuvi. Mwaka 1858 waya wa kwanza wa simu uliopita chini ya bahari ya Atlantiki ulilazwa kati ya Valentia na Newfoundland, ukafanya kazi kwa wiki chache tu, kisha ukanyamaza. Mwaka 1866 meli kubwa iitwayo Great Eastern ililaza waya mwingine uliodumu, na kwa miaka 100 iliyofuata habari za masoko, vita na vifo vya wafalme zikawa zinapita katika kisiwa hicho zikienda na kurudi kati ya Ulaya na Amerika. Vijana wa Valentia waliobahatika walipata humo ajira ya mshahara wa kila mwezi bila kuhama kwao, na O'Connell alikuwa mmoja wao hadi kituo kilipofungwa mwaka 1966. Bahari hakuiacha wakati wowote, na baadaye aliwahi pia kuchaguliwa diwani katika baraza la kaunti ya Kerry.

Safari zake za mpira ndizo zinazonifanya nimstahi zaidi. Mazoezi ya timu ya kaunti yalikuwa Killarney au Tralee, zaidi ya kilomita 60 kutoka kwake, na fainali huchezwa Croke Park, Dublin, zaidi ya kilomita 300, masafa ambayo hayatofautiani sana na ya Mokowe hadi Mombasa. Kwake yeye kila mechi ilianza kwa kuvuka maji na ikaishia kwa kuvuka maji. Reli iliyokuwa ikifika Reenard, mwisho wa magharibi kabisa wa reli zote za Ulaya, ilifungwa mwaka 1960, wakati yeye ndiyo kwanza yuko katika kilele cha uwezo wake. Daraja la kuunganisha kisiwa na bara upande wa Portmagee lilikuja kujengwa mwaka 1970, alipokuwa na miaka 33 na sehemu kubwa ya mechi zake ameshazicheza.

Mhariri, mimi ni kocha wa vijana Shela. Mliandika kwamba huyu nahodha aliliacha kombe chumba cha kubadilishia nguo akarudi kwao. Ni kweli? Na ikiwa ni kweli, hamwoni kwamba ni kuwavunjia heshima wenzake?

Kocha, swali lako ni la haki, nami nitaanza na yaliyotokea. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 Kerry ilikutana na kaunti ya Galway katika fainali ya ubingwa wa kaunti za Ayalandi yote, mbele ya watu zaidi ya 80,000. O'Connell, akiwa na miaka 22, alikuwa nahodha. Aliumia goti, akalazimika kutoka nje katika kipindi cha pili, lakini wenzake wakaimaliza kazi kwa 3-7 dhidi ya 1-4. Kwa kuwa ndiye nahodha, yeye ndiye aliyekabidhiwa kombe la Sam Maguire, ambalo hushindaniwa tangu mwaka 1928 na ambalo kwa Muayalandi halina mfano wake katika michezo. Kisha, kama inavyosimuliwa Kerry hadi leo, kombe likabaki chumbani pamoja na mizigo ya timu, naye akashika njia ya kwao jioni ile ile, na hatua ya mwisho ya safari akaipiga makasia usiku hadi Valentia, wakati sherehe za Dublin ndiyo kwanza zimepamba moto.

Kuhusu heshima, mimi naliona jambo hili kwa jicho tofauti na lako, ingawa naielewa hoja yako kama kocha anayetaka timu ile pamoja, ishangilie pamoja na ilie pamoja. O'Connell alijulikana kwa kutopenda hafla, hotuba na kubebwa mabegani. Wenzake walimjua hivyo kabla ya fainali na waliendelea kucheza naye kwa miaka mingi baada yake, jambo ambalo lisingewezekana kama wangeona amewadharau. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mechi yenyewe hakuipunja chochote: aliingia uwanjani kwa ajili ya wenzake, akaumia kwa ajili yao, na akasimama mbele ya umati kulipokea kombe kwa niaba yao. Sherehe haikuwa sehemu ya ahadi aliyowapa. Hata hivyo nakubaliana nawe katika jambo moja: mchezaji wa tabia hii anahitaji kocha mwenye subira, ambaye hatamlazimisha kucheka na kuimba, na ambaye atawaeleza wachezaji wengine mapema kwamba ukimya wa mwenzao si kiburi.

Nimewahi kusoma watu wakilieleza tukio hili kama kichekesho cha mwanakisiwa asiyejua thamani ya kombe. Maelezo hayo siyakubali hata kidogo. Mtu asiyejua thamani ya kombe hafanyi mazoezi ya miaka mingi kulitafuta, tena kwa kuvuka maji kila mara.

Kutoka Malindi: Alishinda mara ngapi, na alishindwa mara ngapi? Tafadhali kwa ufupi.

Kwa ufupi basi. Ubingwa wa Ayalandi yote aliupata mara nne: mwaka 1959 dhidi ya Galway, 1962 dhidi ya Roscommon (1-12 kwa 1-6), 1969 dhidi ya Offaly (0-10 kwa 0-7), na 1970 dhidi ya Meath (2-19 kwa 0-18), fainali ya kwanza kuchezwa kwa dakika 80. Aliichezea kaunti yake tangu mwaka 1956, na katika miaka yake Kerry ilitwaa ubingwa wa jimbo la Munster mara 12 na Ligi ya Taifa mara sita.

Umefanya vizuri kuuliza pia kuhusu kushindwa, kwa sababu wengi huliruka. Kerry ilipoteza fainali ya 1960 mbele ya Down, ikawa mara ya kwanza kwa kombe kwenda kaunti iliyo ndani ya Ayalandi ya Kaskazini. Ilishindwa tena na Galway mwaka 1964 na 1965, ikashindwa na Down mwaka 1968, na mwaka 1972, O'Connell akiwa na miaka 35, ikatoka sare na Offaly kisha ikafungwa katika mechi ya marudio. Mwaka huo huo bado alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa Ayalandi. Chama cha michezo ya Kigaeli kilipoadhimisha miaka 100 mwaka 1984, kikosi cha karne kilitangazwa, na viungo wake wawili walikuwa O'Connell na Jack O'Shea, mwenyeji wa Cahersiveen, mji ulio ng'ambo tu ya maji kutoka Valentia. Alichaguliwa tena katika kikosi cha milenia mwaka 1999.

Kakangu mhariri, mimi ni mama wa hapa Lamu mjini. Mwanangu wa kidato cha tatu anataka kuacha shule ahamie Malindi kutafuta timu. Ameisoma habari yenu na sasa ananiambia O'Connell naye alianzia kisiwani. Je, yule alilipwa kiasi gani?

Dada yangu, hakulipwa hata senti. Mwanao ameisoma nusu ya habari, na ni wajibu wetu kumpa nusu ya pili.

Chama cha michezo ya Kigaeli kiliundwa tarehe 1 Novemba 1884 katika mji wa Thurles, na tangu hapo hadi leo wachezaji wake ni wa ridhaa. Hata wale wanaojaza Croke Park, uwanja wenye nafasi ya watu 82,300, ni walimu, wakulima, mafundi na wanafunzi wanaorudi kazini baada ya fainali. Hurudishiwa gharama za safari, lakini mshahara wa mpira hawana. Mchezaji huchezea klabu ya parokia yake, na akiwa hodari huitwa na kaunti yake. Hauzwi wala hanunuliwi. O'Connell aliyasimamia yote mawili, kazi na mpira, kwa muda wa karibu miaka 20. Kituo cha simu kilipofungwa, mpira haukumlipia chochote cha kuziba pengo hilo.

Simwambii mwanao acheze bure maisha yake yote. Mpira wa Ayalandi una mpango wake: fedha za viingilio hurudi kwenye viwanja vya parokia na kwa watoto, na kila mchezaji anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Mahali ambapo watu wengine wanapata fedha kwa jasho la mchezaji na yeye anaambulia nauli, kudai malipo ni haki yake. Wapo pia Waayalandi walioondoka kutafuta malipo kwa mpira, na wapo waliofanikiwa. Jim Stynes wa Dublin alishinda ubingwa wa vijana wa Ayalandi mwaka 1984, akaenda Melbourne kucheza mpira wa Kiaustralia wa kulipwa, na mwaka 1991 akapewa medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya huko. Lakini tazama alivyoondoka: klabu yenyewe ndiyo iliyomtafuta, na iliwachukua yeye na wenzake kwa mpango wa kuwafundisha mchezo na kuwaendeleza kielimu.

Kwa hiyo nakusihi, mwambie asubiri. Amalize kidato cha nne huku akicheza hapa nyumbani, na likizo ikifika apande basi aende Malindi akajaribiwe na timu, kisha arudi. Timu inayomtaka kweli itaweza kumsubiri mwaka mmoja. Isiyoweza kumsubiri wakati yeye bado ni mwanafunzi haitamjali siku atakapovunjika mguu. Na ikiwa hataki kunisikia mimi, muulize mwanao swali moja tu: O'Connell alikuwa na kazi gani siku aliyoshika kombe?

Mimi ni mwalimu wa michezo Faza. Kisiwani kwetu hatuna uwanja wa majani wala wachezaji wa kutosha kila jioni. O'Connell alijifunzaje akiwa Valentia? Na mchezo huo unaweza kufundishwa huku?

Mwalimu, swali lako la kwanza ndilo ninalolipenda kuliko yote yaliyoletwa. O'Connell alijifunza, kwa sehemu kubwa, akiwa peke yake. Kisiwa kilikuwa na klabu yake, Young Islanders, lakini watu wa kufanya nao mazoezi kila jioni hawakupatikana, na kuvuka kila siku kwenda kuwafuata wengine hakukuwezekana. Basi akawa anakwenda kiwanjani na mpira wake, anapiga, anaufuata, anapiga tena. Kwa mguu wa kulia kisha wa kushoto. Mpira uliotulia chini kisha ulio mikononi. Waliomwona walisema mateke yake hayakuwa na papara, mwili wote ukiwa umenyooka nyuma ya mguu. Ustadi wa namna hiyo hauhitaji watu 30. Unahitaji mpira mmoja, nafasi ya kutosha, na mtoto aliyeelezwa waziwazi afanye nini akiwa peke yake.

Hapo ndipo makocha wetu wengi wa visiwani, kwa maoni yangu, wanapopoteza muda wa vijana: mazoezi huahirishwa kwa sababu wamekuja saba tu, wakati saba hao wangeweza kugawanyika wawili wawili na kupiga mateke ya mguu dhaifu hadi magharibi. Mpe kila mmoja alama ukutani au shina la mnazi la kulenga. Anayetumia mguu wa kulia apige kwa wa kushoto peke yake kwa wiki kadhaa kabla hujamruhusu kuchanganya. Kwa udakaji, mwenzake amrushie mpira juu sana huku mwingine akimsumbua kwa bega, naye aruke kwa mguu mmoja na kuudaka mpira mbele ya uso wake, si nyuma ya kichwa. Golikipa wenu wa soka atafaidika na zoezi hilo kuliko wote.

Ama kuufundisha mchezo wenyewe, inawezekana. Uwanja kamili una urefu wa mita 130 hadi 145 na upana wa mita 80 hadi 90, mkubwa kuliko wa soka, lakini nje ya Ayalandi watu wengi huucheza wakiwa saba kila upande katika eneo dogo zaidi. Maji yakitoka mnapata ufuko wa kutosha. Chagueni sehemu ya mchanga mgumu uliolowa, kwa sababu kwenye mchanga mkavu mpira haudundi na kanuni ya hatua nne haitachezeka. Mpira wa voliboli utawafaa wanaoanza, kwa kuwa hauumizi vidole. Goli halina gharama kubwa: milingoti miwili iliyoachana mita 6.5, mtambaa wa panya kwenye kimo cha mita 2.5, na milingoti yenyewe kupanda hadi mita 7. Boriti za mikoko hazifiki urefu huo kirahisi, kwa hiyo ungeni mbili kwa kamba, na ungio liwe juu ya mtambaa wa panya.